Kabla Ua Halijafunguka

Karafuu ni ua lililozuiwa kuchanua. Tumba la mkarafuu huanza likiwa dogo, la kijani kilichopauka. Hunenepa wiki baada ya wiki, kisha kichwa chake hushika rangi ya manjano inayoelekea wekundu. Hapo ndipo linapotakiwa. Likichumwa mapema hukauka jembamba, limekunjamana, halina uzito wala mafuta ya kutosha. Likicheleweshwa siku chache, kofia yake hudondoka, nyuzi za ua hutoka nje, na thamani yake hushuka hapo hapo. Likiachwa kabisa huwa tunda, ndilo mpeta, lenye mbegu ndani.

Sehemu kubwa ya uchumi wa Zanzibar, kwa zaidi ya miaka mia moja, ilisimama juu ya siku hizo chache. Vitabu vya historia hutueleza masultani, mikataba, madeni, ushuru na bei za masoko ya ng'ambo, na ni sawa, kwa kuwa mambo hayo yalitokea na yaliumiza watu. Lakini hakuna sultani aliyejua siku ya kuchuma. Aliyejua ni mtu aliyesimama chini ya mti akitazama juu, na juu ya ujuzi wake huyo ndipo yalipojengwa mengine yote.

Ujuzi huo si mdogo. Matumba ya shada moja hayaivi yote kwa pamoja, na mashada ya mti mmoja hayalingani: upande unaopigwa na jua hutangulia, wa ndani hufuata. Mchumaji mzuri haukwei mti mara moja akaumaliza. Huchukua mashada ambayo matumba mengi yamefika, huyaacha mengine, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Karibu na Ole, Pemba, nilimtazama mzee mmoja akiuzunguka mkarafuu kwa muda mrefu kabla hajaugusa. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anautafuta utanzu mkavu, anapima shina limeegemea upande gani, anaamua kamba ya kwanza aifunge wapi. Kijana wake alikuwa ameshavua viatu, ana haraka. "Tulia mwanangu," alimwambia, "mti haukimbii."

Mkarafuu uliokomaa hufika mita 15, na wa zamani huzidi. Majani yake ni mazito na hung'aa, umbo lake hupanda kuelekea kileleni, na ukiwa na afya huwezi kuuona moyo wake ukiwa nje. Shida zake ni mbili, na zinakwenda pamoja. Kwanza, matumba hukaa kwenye ncha za vitawi vya nje, kule kwenye mwanga. Pili, mti wenyewe ni mkavu wa tabia: matawi yake hayapindi kama ya mwembe, hukatika ghafla, bila onyo. Kinachotakiwa kipo mbali kabisa na mahali ambapo mguu unaweza kukanyaga kwa usalama.

Jibu la wachumaji wa Pemba na Unguja kwa shida hiyo ndilo linalonifanya niwaheshimu kuliko mafundi wengi wenye karakana na vyeti. Hawaendi kwenye tawi. Hulileta tawi kwao. Mchumaji hupanda na kamba, hukaa kwenye panda karibu na shina, mguu ukiwa pale utanzu unapotokea shinani ambapo una nguvu. Kisha hulinasa tawi kwa kigoe, hulivuta polepole, hulifunga kwa kamba kwenye shina, na ncha yake yenye mashada huja hadi kifuani pake, kama mshonaji anavyoivuta nguo ije kwenye sindano badala ya kuinama kuifuata. Akimaliza hufungua kamba na kulirudisha tawi kwa mkono. Haliachii lirudi lenyewe. Likiachiwa litajipiga na kuvunjika, au litapukutisha matumba ambayo hayajafika.

Vidole navyo vina kazi yao. Shada hukatwa kwa kidole gumba, juu tu ya jozi ya mwisho ya majani. Ukikata chini zaidi ukaondoka na majani, umeondoka na kifundo ambacho msimu ujao kingetoa kitawi kipya. Mtu wa haraka hupapasa na kung'oa, na pakacha lake hujaa mapema. Mti aliouchuma huonekana sawa mwaka huu. Mwaka wa pili huanza kuonesha mapengo. Tena, tawi lililovunjika ni mlango. Wataalamu wa kilimo walithibitisha katika karne ya 20 kwamba kuvu linalokausha matawi ya mkarafuu kuanzia nchani huingilia kwenye majeraha, na majeraha mengi huachwa na wachumaji. Wazee walikuwa wakilisema hilo kwa njia yao: usiumize mti, mwakani hutaukuta.

Mti wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, upande wa mashariki wa Indonesia ya leo: Ternate, Tidore, Makian na jirani zake. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliamua kwamba karafuu yote ya dunia itoke mahali inapoweza kupalinda, basi ikaikata mikarafuu ya visiwa vingine na kubakisha zao hilo Ambon na visiwa vilivyo karibu nayo. Ukiritimba huo ulisaidiwa na maumbile. Mbegu ya mkarafuu haivumilii safari. Mpeta huanguka, na mbegu yake isipooteshwa ingali mbichi, baada ya siku chache haioti tena. Mwenye kutaka kuiba mkarafuu hakuweza kutia mbegu mfukoni na kuondoka. Alilazimika kusafirisha miche hai, yenye kivuli na maji, baharini. Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha hilo mnamo 1770, miche ikafika kisiwa tunachokiita leo Morisi, kisha Réunion.

Kutoka huko mti ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa sana kuuleta ni Mwarabu wa Oman aitwaye Saleh bin Haramil al-Abry. Mikarafuu ya mwanzo ilipandwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan aliona faida upesi. Akayachukua mashamba ya Saleh, akawaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Alipofariki mwaka 1856 Zanzibar ilikuwa imeshazoeleka masokoni kama nchi ya karafuu, na bei ilikuwa imekwisha kushuka mno kwa sababu kila mwenye kiwanja alikuwa amepanda.

Hapa lipo jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Waliozichuma karafuu hizo walikuwa watumwa, wengi wao wametolewa maeneo ya Ziwa Nyasa na kupitishwa Kilwa. Mtu aliyekuzwa akilima mtama, asiyewahi kuuona mti huu, alifikishwa kisiwani na kuambiwa apande. Katika muda wa kizazi kimoja watu hao walikuwa wameshaujua: tawi gani hubeba, tumba lipi limefika, kamba ifungwe wapi, karafuu ikauke kiasi gani. Wamiliki waliotoka Oman walijua tende. Wafaransa walioufikisha mti Morisi walikuwa mbali. Elimu ya kuutumikia mkarafuu kwenye udongo wetu, kwa mvua zetu na pepo zetu, ilitungwa na watu ambao hawakulipwa, na majina yao hayakuandikwa popote. Wasomi walioichunguza historia hii wametusaidia sana. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameonesha jinsi Zanzibar ilivyofungamanishwa na masoko ya dunia. Frederick Cooper ameeleza maisha ya mashambani na yaliyofuata baada ya utumwa. Lakini sijaona bado kitabu kinachoanzia kwenye kidole gumba cha mchumaji.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ilinusurika. Kuanzia hapo kisiwa ambacho kilikuwa ndugu mdogo katika biashara hii kikawa ndicho kikubwa, na hadi leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, kwenye vilima na mabonde ya upande wa magharibi, yenye udongo mzito na mvua nyingi. Mwaka mmoja baada ya kimbunga Sultan Barghash alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia usafirishaji wao baharini. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa.

Wenye mashamba walilia kwamba karafuu zitaoza mitini. Hazikuoza. Watu wa kusini na mashariki ya Unguja, Wahadimu, wenye ardhi ya mawe na uvuvi wao, walianza kwenda mashambani kila msimu kuchuma kwa malipo, na wengi walivuka hadi Pemba. Watumwa wa zamani waliobaki walichuma kwa malipo pia. Watu wa bara, Wanyamwezi wakiwemo, walikuja kupalilia. Malipo ya kuchuma yakawekwa kwa pishi.

Pishi ni kipimo cha ujazo, na mfanyakazi wa karafuu huyajua maisha yake kwa pishi. Amechuma pishi ngapi leo, pishi inalipwa shilingi ngapi mwaka huu, pishi ya huyu bwana ni ya mfuto au anataka ilundikwe. Ugomvi mwingi wa kambi za karafuu umetokana na lile lundo dogo juu ya mdomo wa kopo. Nami naona ugomvi huo una haki. Lundo hilo, likihesabiwa kwa msimu mzima na kwa wachumaji wote, ni mali nyingi iliyohama kimya kimya kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Ila kasoro kubwa ya pishi ni nyingine. Pishi huhesabu kilichotoka mtini, haioni kilichobaki. Mchumaji aliyefunga kamba kumi na kulirudisha kila tawi kwa mkono hulipwa sawa na yule aliyevunja, na pengine hulipwa kidogo, kwa kuwa alichukua muda. Ukiongeza na desturi ya kukodi mikarafuu, mambo huzidi kuwa mazito. Mwenye mti akibanwa na shida huuza mavuno yangali mtini, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Mkodi ana haki ya msimu mmoja tu. Mti wa mwakani si wake, basi hana cha kumfanya auhurumie. Mtumwa wa 1850 hakuwa na sehemu katika mti wa kesho. Mchumaji wa pishi wa 1910 hakuwa nayo. Mkodi wa leo hana. Na bado, katika mazingira hayo yote yanayomlipa mharibifu, wako wachumaji waliofunga kamba na kulirudisha tawi kwa mkono, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa walifundishwa hivyo na wangeona haya kufanya vingine. Lau si hao, mikarafuu ya Pemba isingefika umri iliofika.

Jioni kazi huhama kutoka mtini kwenda barazani, na kutoka kwa wapandaji kwenda kwa wanawake, wazee na watoto. Mashada hayawezi kulala. Karafuu mbichi zikilundikana hushika joto na kuchacha, na zikianikwa baada ya hapo hutoka zimepauka, nyepesi, zimesinyaa, harufu imekwenda. Kwa hiyo usiku ule ule hukaliwa kuchambua. Shada hushikwa kwa mkono mmoja, kiganja cha mkono wa pili huligonga na kulisokota, matumba yakaangukia jamvini na makonyo yakabaki kidoleni. Kwa maneno ni rahisi. Nimekaa na wachambuzi nikajaribu, na kila nililolishika mimi lilitoka na vichwa vilivyokatika. Bibi aliyekuwa mbele yangu alikuwa akizungumza habari za harusi ya mjukuu wake, hatazami mikono yake kabisa, na lundo lake lilikuwa safi. Karafuu isiyo na kichwa hushusha daraja la gunia zima. Kikonyo kilichochanganyika na karafuu nacho hushusha daraja.

Makonyo hayatupwi. Huanikwa kando na kuuzwa, na huko Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, hutolewa mafuta. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ile inayofanya ulimi ufe ganzi ukiitafuna karafuu, na ambayo madaktari wa meno duniani kote wameitumia. Tumba lenyewe laweza kuwa na mafuta hadi moja ya tano ya uzito wake likikauka vizuri. Ni kiasi kikubwa mno kwa mmea, na chote chaweza kupotea kwa uanikaji mbaya.

Naam, uanikaji. Nikiulizwa sehemu gani ya kazi hii inahitaji akili zaidi nitasema hii, ingawa kupanda mti ndiko kunakovutia macho. Msimu mkubwa huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi mvua za vuli zimeshaingia. Maana yake ni kwamba mwanikaji hushindana na mawingu kila siku kuanzia Oktoba. Karafuu hutandazwa nyembamba juu ya majamvi, jua likiwa limeshakausha umande. Hugeuzwa kwa mkono au kwa ubao mara kwa mara ili zisikauke upande mmoja. Alasiri, kabla ubaridi haujashuka, hukunjwa na kufunikwa. Siku ya pili zinakuwa zimeanza kugeuka hudhurungi. Siku ya nne, jua likiwa kali, nyingi zimekauka. Pakiwa na mawingu huchukua wiki. Kilo tatu za mbichi hutoa kama kilo moja ya kavu.

Kwenye tone la kwanza la mvua utaona mtaa mzima ukikimbia. Mtu huacha chai, huacha mteja dukani, na jirani hukunja jamvi la jirani bila kuulizwa. Karafuu iliyonyeshewa ikiwa nusu kavu hairudi tena kuwa daraja la kwanza, hata ikianikwa mwezi mzima. Naye mwenye pupa, anayetaka kupeleka magunia kituoni kabla hazijakauka ili zipime zaidi kwenye mizani, hujidanganya: unyevu utaziotesha ukungu ghalani, na jina litakaloharibika ni la Zanzibar, si lake peke yake. Namna ya kujua kama imekauka haihitaji chombo. Unaichukua moja, unaipinda. Ikijipinda, bado. Ikivunjika kwa mlio mkavu, tayari. Wengine hubonyeza kikonyo chake kwa ukucha waone kama mafuta yanatokeza. Wapo wanawake wa Mtambwe na Konde ambao huchota kiganja kimoja, wakakitikisa karibu na sikio, wakasema "kesho adhuhuri," na kesho adhuhuri zikawa tayari.

Barabara za Pemba wakati wa msimu hujaa majamvi pembeni, na ipo tabia ya kuanika juu ya lami yenyewe kwa sababu ina joto. Wataalamu huikataza, na ni vyema iachwe: lami ina vumbi, mafuta ya magari na mchanga, na karafuu hunywa kila harufu.

Siasa za karafuu katika karne ya 20 zingeweza kujaza gazeti zima, nami nitazipitia kwa ufupi. Wenye mashamba wengi walikuwa na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Serikali ya Waingereza iliunda Chama cha Wakulima wa Karafuu mwaka 1927, na ilipokipa mamlaka makubwa juu ya biashara hiyo mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi walisusa kununua, na India nayo, iliyokuwa mteja mkubwa, ikasusa. Mapatano yalifikiwa mwaka 1938. Katika miaka hiyo hiyo ugonjwa ulioitwa kifo cha ghafla ulikuwa unaua mikarafuu mikubwa ya Unguja, majani yakinyauka na mti mzima kukauka, na ilichukua miaka mingi ya utafiti kumpata mkosaji, naye akawa kuvu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia zikagaiwa eka tatu tatu. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, likawa ndilo mnunuzi pekee.

Mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu wakati huo alikuwa Indonesia, nchi yenye visiwa ulikotoka mti. Wajava huchanganya karafuu na tumbaku kutengeneza sigara ziitwazo kretek, na viwanda vyao vilikula karafuu kuliko majiko yote ya dunia yakiwekwa pamoja. Fedha zilizojenga sehemu kubwa ya Zanzibar ya miaka ya 1960 na 1970 zilipanda hewani kama moshi huko Java. Indonesia ikapanda mikarafuu yake kwa wingi, ikajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ya dunia ikaporomoka kutoka maelfu ya dola kwa tani hadi mamia.

Mkulima wa Pemba alipokea pigo hilo mara mbili, kwani hata bei ilipokuwa nzuri yeye alipewa sehemu ndogo tu. Akalipwa kidogo, akaona ng'ambo ya mkondo, Shimoni na Mombasa, watu wanalipa zaidi. Magendo ya karafuu yakawa kazi ya usiku, ya hatari, na wakati fulani adhabu yake ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini hasara ambayo haikuhesabiwa ilikuwa ya mashambani. Mikarafuu haikupaliliwa. Mingine ilikatwa kuni. Vijana walikwenda Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Oman, na waliokwenda hawakujifunza kufunga kamba. Mti uliozeeka ulikufa bila mche pembeni yake. Mkarafuu unahitaji miaka sita hadi minane kabla ya kutoa chochote cha maana, na kama miaka ishirini kufikia ukamilifu wake. Bei mbovu ya miaka kumi huacha pengo la miaka thelathini.

Mwaka 2011 serikali ilichukua hatua ambayo wengi waliiomba kwa muda mrefu: ilipandisha bei ya mkulima kwa kiasi kikubwa na kuahidi kwamba atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yalipungua, miche ikagawiwa bure kutoka vitalu vya serikali, na mashamba yaliyogeuka misitu yakafyekwa. Wachumaji wanaoanguka mitini, na kila msimu wapo, walianza kupatiwa mkono wa msaada. Hizo ni hatua njema, na anayezidharau hajui miaka iliyotangulia ilikuwaje.

Hata hivyo bei ya kilo humfikia mwenye karafuu kavu. Mchumaji hulipwa mbichi, kwa pishi, kwa mapatano ya pale pale shambani, na mapatano hayo hufanywa na mtu mwenye njaa upande mmoja. Kijana wa Pemba leo anajua kuhesabu. Anaona boda boda inalipa kila siku, haina msimu wala tawi la kukatika. Wenye mashamba wanalalamika kwamba wachumaji hawapatikani na waliopo wanavunja miti. Malalamiko yote mawili ni ya kweli na yana chanzo kimoja: ufundi uliolipwa kwa ujazo tu kwa zaidi ya karne moja hatimaye umeanza kukosa warithi.

Indonesia ina karafuu nyingi kuliko sisi mara nyingi sana, na Madagaska imetupita. Kwa wingi hatutashindana nao tena. Tulichobaki nacho ni jina, na jina hilo halitoki kwenye udongo peke yake. Linatoka kwa mtu aliyejua siku, aliyelileta tawi kwake badala ya kulivunja, kwa bibi aliyechambua usiku bila kukata vichwa, na kwa aliyekunja jamvi kabla ya tone la pili.

Zanzibar ina wataalamu wa udongo, wa magonjwa ya mimea na wa masoko. Iwatambue na hawa. Wachumaji wazee wapelekwe kwenye mashamba ya mafunzo, walipwe kama walimu, na vijana wapewe kamba na mkanda wa usalama kabla ya kupewa pakacha. Mwenye shamba anayetaka mti wake uishi amlipe mchumaji asiyevunja zaidi ya anayevunja; ni hesabu rahisi na itamrudishia faida msimu wa pili tu. Na kila mwaka, bei ya kilo ya daraja la kwanza inapotangazwa, kiwango cha chini cha malipo ya pishi kitangazwe siku hiyo hiyo, kwa sauti ile ile.